Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Huduma kwa Wateja katika Duka la Kujitengenezea Midoli ya Manyoya

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na jamaa wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi Uingereza, ambao huwapeleka watoto wao katika maduka ambamo mtoto hujitengenezea mwenyewe dubu, sungura au mnyama mwingine wa manyoya. Nimehudumu kwenye kaunta ya duka la aina hiyo kwa miaka kadhaa, na maswali yaliyomo humu ndiyo niliyoulizwa zaidi, mara nyingi kwa sauti ya chini, na mama au babu aliyesubiri wateja wengine waondoke kwanza. Majibu yanayogusa sheria yanahusu England. Taratibu za duka lenyewe hutofautiana, kwa hiyo soma pia masharti yaliyochapishwa nyuma ya risiti yako.

Duka la namna hii hufanya kazi vipi?

Duka linalojulikana zaidi ni Build-A-Bear Workshop, lililoanzishwa na Maxine Clark mjini St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani, mwaka 1997. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilinunua maduka ya Uingereza yaliyoitwa The Bear Factory, ambayo yalikuwa mali ya Hamleys, kampuni ya maduka ya midoli. Yapo maduka mengine madogo yanayofuata mtindo huohuo.

Mtoto huchagua kwanza ganda, yaani umbo la mnyama lililokwisha kushonwa lakini halijajazwa kitu. Kisha hupelekwa kwenye mtambo wenye kioo, ambamo nyuzi nyeupe za poliesta huzunguka kama mawingu yaliyofungiwa ndani ya sanduku. Mhudumu huvisha tundu la mgongoni kwenye mrija, mtoto hukanyaga kikanyagio, na mnyama huanza kuvimba mbele ya macho yake. Kabla ya mgongo kufungwa, mtoto hupewa moyo mdogo wa kitambaa, huupasha joto viganjani, hunuia jambo, kisha huutumbukiza ndani. Mhudumu huvuta uzi uliopitishwa tangu kiwandani, pande mbili za mgongo hukutana kama kiatu kinavyofungwa kamba, naye hupiga fundo. Baadaye mnyama huchanwa manyoya, hupewa jina na kuandikiwa cheti cha kuzaliwa.

Nimeeleza hatua hizi kirefu kwa sababu ndizo chanzo cha karibu kila swali linalofuata. Lugha yetu hulionyesha jambo hili vizuri. Mzazi husema, "Mdoli huu umechanika." Mtoto aliyesimama kando yake husema, "Dubu wangu amechanika." Kwa mzazi ni kitu, kwa mtoto ni kiumbe, na mhudumu anayejua kazi yake hujibu kwa ngeli ya mtoto.

Je, bei iliyoandikwa kwenye kapu la maganda ndiyo nitakayolipa?

Si lazima. Kwa kawaida bei hiyo hujumuisha ganda, kujazwa na kushonwa. Nguo, viatu, miwani, kisanduku cha sauti na kifuko cha harufu hulipiwa kimoja kimoja, na ndipo jumla inapopanda hadi mzazi akashtuka akiwa tayari kwenye kaunta, mtoto amemkumbatia mnyama aliyekwisha kuvishwa. Nawashauri wazazi wakubaliane na mtoto kabla ya kuvuka mlango: mnyama mmoja na nguo moja, au mnyama na sauti bila nguo. Unaweza pia kumwambia mhudumu kiasi ulichonacho. Hakuna aibu katika hilo, na mhudumu mwema atawaongoza kwenye rafu zinazolingana na mfuko wako bila mtoto kutambua lolote.

Ninataka mdoli uwe na sauti ya bibi yake mtoto aliyeko nyumbani. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa maoni yangu hakuna matumizi bora zaidi ya kisanduku cha sauti. Maduka mengi huuza kisanduku kidogo kinachorekodi kwa sekunde chache, nacho huwekwa ndani ya mkono au tumbo la mnyama kabla ya kushonwa. Mtoto akibonyeza, sauti husikika.

Mwombe bibi arekodi ujumbe wa sauti kwenye simu siku moja kabla, mahali penye utulivu, na maneno yawe machache. Namkumbuka mama mmoja aliyekuja na ujumbe wa mkwewe kutoka Bukavu. Ulikuwa wa dakika nzima: salamu kwa kila mtu nyumbani, habari za mvua, ndipo mwishoni jina la mjukuu. Tulisimama pembeni ya mtambo, yeye akiwa ameshika simu karibu na kisanduku, tukajaribu mara nne hadi tukapata kipande kimoja tu: "Lala salama, mjukuu wangu, bibi anakuombea." Nyuma ya sauti alisikika jogoo akiwika. Mama aliuliza kama tunaweza kumwondoa jogoo. Binti yake wa miaka sita alikataa kabisa jogoo aondolewe.

Sikiliza rekodi mara mbili kabla mgongo haujafungwa, kwa sababu manyoya na poliesta hupunguza sauti, na kufungua mshono upya ni kazi ya ziada. Muhimu zaidi, hifadhi ujumbe wa awali mahali pengine pia. Betri huisha, na kisanduku huweza kuharibika kwa maji. Ikiwa sauti ni ya mtu aliyekwisha kufariki, hakikisha kuna nakala mbili au tatu kabla mnyama hajaanza kulaliwa na kuburutwa sakafuni.

Cheti cha kuzaliwa cha mdoli huombwa taarifa gani, na je, ni salama kuzitoa?

Jina la mnyama na la mmiliki wake yanatosha kwa cheti. Barua pepe, anwani na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto huombwa kwa ajili ya uanachama, matangazo na zawadi za siku ya kuzaliwa, nawe una haki ya kuuliza kila kimoja kinatakiwa kwa sababu gani, na kukataa kisichohitajika. Sheria ya Uingereza ya ulinzi wa data ya mwaka 2018 inaweka umri wa miaka 13 kuwa ndio ambao mtoto anaweza kutoa ridhaa yake mwenyewe kwa huduma za mtandaoni zinazotegemea ridhaa. Kwa hiyo keti wewe kwenye kompyuta, na mtoto akutajie majibu.

Hakiki herufi kabla cheti hakijachapishwa. Majina yetu yenye *ng'*, *mw* na *nj* hukosewa mara kwa mara na mhudumu anayeyasikia kwa mara ya kwanza. Mwandikie kwenye karatasi. Mtoto aliyemwita sungura wake Mwanang'ombe anastahili kuliona jina hilo likiwa kamili.

Mdoli wa namna hii unamfaa mtoto wa umri gani?

Tazama lebo kabla ya kutazama uzuri. Midoli inayouzwa Uingereza hutakiwa kuwa na alama ya usalama ya CE au UKCA, na kitu kisichowafaa watoto wa chini ya miezi 36 huwekwa alama ya duara lenye uso wa mtoto na tarakimu 0–3, vikiwa vimekatwa kwa mstari. Huenda mnyama mwenyewe asiwe na alama hiyo, lakini viatu na miwani yake ikawa nayo, kwa sababu vipande vidogo huweza kumkaba mtoto.

Kwa watoto wachanga, taasisi ya Lullaby Trust, inayoshughulikia vifo vya ghafla vya watoto wachanga, inashauri kitanda cha mtoto mchanga kisiwekwe midoli laini wakati amelala. Ikiwa mnyama ametengenezwa na kaka au dada kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa juzi, mkalishe kwenye rafu hadi mwenyewe akue.

Betri ndogo bapa za mviringo zinahitaji uangalifu wa pekee. Ikimezwa, betri hiyo huweza kuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa chache. Mshono ukilegea na kisanduku cha sauti kikaonekana, mwondolee mtoto mnyama huyo hapohapo, na ukishuku kwamba mtoto amemeza betri, nenda idara ya dharura ya hospitali bila kungoja dalili.

Nikibadili mawazo baada ya kununua dukani, nitarudishiwa fedha?

Hapa ndipo wateja wengi hukosea. Ukinunua kitu kizima dukani, ukakiona na kukilipia, sheria haimlazimishi mwenye duka kukipokea tena kwa sababu tu umebadili mawazo. Maduka mengi hukubali kwa hiari yao, kwa muda na masharti yaliyoandikwa kwenye risiti, na baadhi hukubali tu nguo ambazo hazijatolewa lebo.

Hitilafu ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inataka kitu kiwe na ubora wa kuridhisha, kifae kwa kazi yake na kilingane na maelezo yake. Jicho likidondoka, mshono ukifumuka kwa matumizi ya kawaida au kisanduku kisitoe sauti, una siku 30 za kukikataa kitu hicho na kudai fedha zako zote. Siku hizo zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kukitengeneza au kukibadilisha, na akishindwa unaweza kudai punguzo la bei au kukirudisha urejeshewe fedha. Hitilafu ikijitokeza ndani ya miezi sita, huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Baada ya hapo ni juu yako kuthibitisha.

Haki hizi haziondolewi na bango linalosema "bidhaa haikubaliwi ikishajazwa". Kujazwa ndiko kulikofanya iwe bidhaa uliyoilipia.

Na nikinunua kupitia mtandao?

Kanuni za mwaka 2013 za mikataba ya walaji hukupa siku 14 tangu ulipopokea mzigo za kufuta ununuzi hata kama hakuna hitilafu yoyote, na siku nyingine 14 za kuurudisha. Haki hiyo haihusu kitu kilichotengenezwa kwa maelekezo yako au kilichowekewa utambulisho wako, kama vile fulana iliyotariziwa jina la mtoto au kisanduku chenye ujumbe uliourekodi mwenyewe. Kuchagua tu rangi au nguo kutoka katika orodha ya kawaida ya duka si utambulisho wa namna hiyo, na duka likikuambia vinginevyo, omba jibu hilo kwa maandishi.

Mdoli ulikuwa zawadi na sina risiti. Nifanye nini?

Taarifa ya benki inayoonyesha malipo hukubalika kama uthibitisho, kwa hiyo ukosefu wa karatasi haukuondolei haki. Tatizo la zawadi ni kwamba mkataba ni wa aliyelipa. Mwombe shangazi au mjomba aliyenunua aambatane nawe, au atume maelezo ya malipo. Wanaonunua zawadi waombe risiti ya zawadi, ambayo haionyeshi bei.

Mshono umefumuka na mtoto hataki mnyama mwingine. Mnaweza kumtengeneza?

Mlete. Kushona mgongo uliofunguka na kuongeza poliesta palipobonyea ni kazi ya dakika chache, na maduka mengi hufanya hivyo bila malipo au kwa malipo madogo. Jicho, pua na kitambaa kilichochakaa ni vigumu zaidi, na mara nyingine jibu la kweli ni kwamba haiwezekani.

Nitasimulia kosa lililotokea mahali nilipofanya kazi, kwa kuwa limenifunza namna ya kulijibu swali hili. Mvulana wa miaka minane alimleta mbwa wa manyoya aliyechanika kwapani. Mwenzangu, kwa nia njema kabisa, aliona ni rahisi kuchukua mbwa mpya wa aina ileile, akamjaza, akamkabidhi mtoto na kumweka yule wa zamani kwenye pipa la takataka nyuma ya kaunta. Mtoto hakulia. Alimgeuza mbwa mpya, akamnusa shingoni, akamrudisha juu ya kaunta na kusema, "Huyu hanijui." Babu yake akatuambia kwamba moyo uliokuwa ndani ya mbwa wa zamani ulitumbukizwa na marehemu mama wa mtoto. Tulimtoa mbwa kwenye pipa, tukamfuta na kumshona mbele yao kwa mishono ya mkono, na mimi ndiye niliyeshika sindano. Tangu siku ile hakuna mnyama anayekatwa uzi kwenye kaunta yangu kabla sijauliza maswali matatu: kuna nini ndani, nani alikiweka, na ni kipi kisichopaswa kuguswa.

Nawe mzazi, yajibu maswali hayo hata usipoulizwa. Mwambie mhudumu kuna kisanduku cha sauti au moyo, omba vitu hivyo viwekwe mahali unapoviona, na kataa mnyama kuachwa dukani usiku bila karatasi yenye jina lake na lako. Ukipewa chaguo la kubadilishiwa, muulize mtoto kwanza. Haki ya kubadilishiwa ni yako kisheria, lakini mnyama ni wake.

Mnyama amepotea kwenye treni. Kuna namna ya kumpata?

Build-A-Bear huweka ndani ya mnyama kipande chenye msimbopau, ili mnyama aliyepotea akiokotwa na kufikishwa dukani, namba yake isomwe na mmiliki atafutwe. Mpango huo hufanya kazi tu ikiwa mnyama aliandikishwa na anwani zako bado ni zilezile, kwa hiyo ukihama au ukibadili simu, lijulishe duka. Usingoje hilo peke yake: toa taarifa pia kwa ofisi ya vitu vilivyopotea ya kampuni ya treni au basi siku hiyohiyo. Piga picha ya mnyama leo, akiwa bado yupo.

Tunamfuaje?

Anza kwa kupangusa. Tumia kitambaa, maji vuguvugu na sabuni kidogo ya maji, kisha mwanike penye hewa, mbali na hita na pasi, kwa kuwa manyoya ya sintetiki hushikana yakipata joto kali. Mwenye kisanduku cha sauti asitumbukizwe majini kamwe. Ikiwa mtoto ana pumu au mzio wa vumbi, mweke mnyama ndani ya mfuko kwenye friza usiku kucha ili wadudu wadogo wa vumbi wafe, kisha mpanguse.

Kuna nafuu ya bei siku ya kuzaliwa?

Ipo katika baadhi ya maduka. Build-A-Bear huwa na mpango wa wanachama wa kulipia dubu maalumu kiasi kinacholingana na umri wa mtoto katika mwezi wake wa kuzaliwa. Masharti yasome kabla hujamwahidi mtoto. Mpango wa aina hiyo uliwahi kutangazwa kwa siku moja tu, tarehe 12 Julai 2018, kwa wateja wa Marekani, Kanada na Uingereza, na umati uliofurika ukawa mkubwa kiasi kwamba foleni zilifungwa mapema kwa sababu za usalama na watoto wengi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kampuni iliomba radhi na kutoa vocha. Kwetu sisi wa kaunta, siku ile ilionyesha kwamba punguzo bila mpangilio wa foleni humuumiza yuleyule aliyekusudiwa kufurahishwa.

Nataka kumpelekea mpwa wangu Tanga. Mnyama aliyejazwa atajaza sanduku zima.

Nunua ganda lisilojazwa, ambalo hukunjika kama fulana, pamoja na moyo na nguo. Fundi cherehani yeyote ataweza kulifunga. Kuhusu kujaza, wengi hufikiria sufi, kwa kuwa ndiyo iliyojaza mito ya utotoni mwetu. Sufi ni nyepesi na laini, lakini hushika moto upesi na hujikusanya mabonge ikilowana, kwa hiyo nashauri poliesta mpya ya mito, inayopatikana kwa mafundi wa makochi. Mwache mpwa mwenyewe alijaze kwa mikono na kuutumbukiza moyo. Ukimpelekea kisanduku cha sauti, kibebe kwenye mzigo wa mkononi na kirekodi kabla ya safari.

Sijaridhika na huduma, na Kiingereza changu si kizuri. Nianzie wapi?

Anzia kwa meneja wa duka, ukiwa na mdoli, risiti au taarifa ya benki, na picha ya hitilafu. Unaruhusiwa kuja na mtu wa kukutafsiria. Tafadhali asiwe mtoto mwenyewe, kwa maana si vyema mtoto atafsiri mabishano kuhusu dubu wake. Andika tarehe, jina la kwanza la mhudumu na alichokujibu. Usipopata suluhu, iandikie ofisi kuu ya kampuni, ukitaja Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 na unachodai: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Wakikubali kukurudishia fedha, wanapaswa kufanya hivyo ndani ya siku 14. Wakikataa, shirika la Citizens Advice hutoa ushauri wa walaji bila malipo, na hupeleka taarifa kwa Trading Standards, yaani idara za halmashauri zinazosimamia biashara, panapokuwa na suala la usalama.

Ukinikuta mimi kwenye kaunta, sema Kiswahili. Mruhusu mtoto awe wa kwanza kueleza kilichompata mnyama wake, nami nitamwinamia nimsikilize kabla sijaangalia risiti.